YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAJARIBIO YA MASHINE ZENU ZA ALAMA ZA VIDOLE

Kwa Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba ya kikundi chetu cha wabanguaji wa korosho hapa Newala. Ofisa wenu alimshika bibi wa watu mkono, akakikandamiza kidole chake kwenye kioo cha mashine, kisha akasema mbele ya umati: "Huyu hana alama, mtoeni kwenye foleni." Bibi huyo anabangua korosho tangu mimi sijazaliwa.

Meneja, mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Anayebangua kwa mkono alama zake huchubuka hadi kufutika, na uzeeni ngozi hukauka, kidole kikazidi kutosomeka. Si jambo geni. Mwaka 2019 tulipoanza kusajili laini kwa alama za vidole, wazee walihangaika hivi hivi. Ninyi wenye mashine mlipaswa kulijua kabla ya kufika.

Mlisema mnakuja kuzijaribu katika mazingira halisi. Mbona basi waliosomeka waliandikwa, na walioshindikana wakarudishwa nyumbani bila kuandikwa popote? Jua lilikuwa la utosi, kioo kinameremeta; akina mama wakaishikia mashine kanga juu yake ipate kivuli, ndipo ikasoma. Hilo nalo halikuandikwa. Kwa ripoti ya namna hiyo mashine zitaonekana nzuri, zitanunuliwa, na bibi yule atakosa haki yake kila zitakapotumika.

Narudia, maana sidhani kama ofisa wenu amewaeleza. Kijana yule hata shikamoo hakumpa. Kidole kilipokataa mara ya kwanza, alimwambia akakisugue kwa mchanga. Bibi wa watu akatii, akasugua mpaka kikatoka damu, akarudi kupanga foleni upya. Ndipo akaambiwa hana alama! Mbele ya wajukuu zake.

Tunaomba ofisa huyo aje amwombe radhi bibi ana kwa ana, na barua ya kampuni mkononi. Tena radhi pekee haitoshi: jaribio lirudiwe, kila anayeshindikana aandikwe, na iwepo njia nyingine ya kumtambua. Alama mlizochukua bila kutusainisha ridhaa zifutwe, tupewe uthibitisho wa maandishi.

Tunawapa siku 14. Zikipita, tutafika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2022, nakala kwa Mkuu wa Wilaya, na hakuna mwanachama wetu atakayegusa tena mashine zenu.

Wenu,
Katibu wa Kikundi