Papa aliyeburutwa mchangani bado hajaachiliwa

Mhariri,

Wanaovua papa kwa rodi ufuoni kwa burudani husema kila wanayemnasa humrudisha baharini. Tunaamini wana nia njema. Lakini papa anaweza kuondoka akiogelea mbele ya macho yao, kisha akafa saa chache baadaye mahali ambapo hakuna amwonaye. Kupona kwake huamuliwa na vifaa vilivyofungwa kabla chambo hakijatupwa.

Tuanze na ndoano. Ile ya kawaida humezwa, ikachoma koo au tumbo. Ndoano ya duara, ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani bila kuegemea upande, hunasa kwenye pembe ya mdomo. Ila haitaki kukutuliwa: papa akichukua chambo, acha mshipi ukaze wenyewe huku ukizungusha rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, polepole. Anayezoea kuvuta kwa kishindo huing'oa mdomoni, kisha huilaumu ndoano. Minya kwa koleo kijino kilicho karibu na ncha yake, na usinunue ya chuma kisichoshika kutu, maana ikibaki mdomoni haitaoza.

Mshipi mwembamba ndio unaoua wengi. Wanaousifia husema mchezo unanoga, kumbe papa anapigana saa nzima hadi damu inajaa asidi. Tumia mshipi wa kilo 40 au zaidi, breki ya rili ikazwe kwenye theluthi moja ya nguvu hiyo. Mbele weka waya wa mita moja, kisha nailoni nene ya mita tatu au nne, kwa sababu ngozi ya papa hukwaruza kama msasa na hukata mshipi wa kawaida. Zikipita dakika 30 na hajafika, kata mshipi. Papa wa kichwa cha nyundo hastahimili hata muda huo. Huyo akitambulika, akatiwe mshipi mapema.

Saa ya maji nayo ina uzito. Kwenye fuo zetu zenye mwamba, maji yakipwa papa huburutwa juu ya mawe na mchanga mrefu. Vueni maji yakijaa, na msiwe chini ya wawili: mmoja kwenye rodi, mwingine mwenye glavu na mkasi wa kukatia vyuma. Papa akomee kwenye maji ya magotini, matamvua yakiwa ndani ya maji. Mwili wake ni gegedu, na hana mbavu za kukinga ini na matumbo; nchi kavu uzito wake mwenyewe humbana. Kumwinua kwa mkia huumiza uti wa mgongo, na jike mwenye mimba anaweza kuiharibu kwa msukosuko huo. Ndoano ikigoma kutoka, katia waya karibu kabisa na mdomo, mgeuze kichwa kielekee baharini, mwache. Picha ipigwe akiwa majini, ama isipigwe.

Hatumsemi hapa mvuvi anayemleta papa sokoni akaliwa. Hilo lina mjadala wake. Tunasema na anayevua kwa starehe, ambaye hana hasara yoyote akikata mshipi.

Jimbo la Florida, Marekani, tangu Julai 2019 linamtaka anayevua papa kutoka ufuoni awe na kibali, ambacho hutolewa bure baada ya mafunzo mafupi. Ndoano ya duara na kifaa cha kuikatia ni lazima, na kumwaga chambo cha kuvutia papa kutoka ufuoni ni marufuku. Papa wa spishi zilizokatazwa hawatolewi majini. Hapa kwetu mbuga za bahari kama Malindi na Watamu zimefungiwa uvuvi, lakini nje ya mipaka yake kuna fuo nyingi ambako watoto huogelea. Tunaiomba idara inayotoa leseni za uvuvi wa burudani iandike masharti hayo kwenye leseni yenyewe, kwa Kiswahili na Kiingereza, ikianza na lile linalokataza kumwaga damu na matumbo ya samaki karibu na waogeleaji.

Wavuvi wa mshipi,
Kilifi