Mlima Kwanza, Meli Baadaye: Maelezo kwa Wateja Wanaotaka Kuzamia Baada ya Kilimanjaro

Wateja wengi wanaopanga safari kupitia ofisi yetu hapa Moshi hutaka kuunganisha Mlima Kilimanjaro na siku chache za kuzamia baharini kwa mitungi ya hewa, na baadhi yao huomba hasa kupelekwa kwenye meli zilizolala chini ya maji. Ombi hilo tunalipokea kwa furaha. Kinachotutia wasiwasi ni ratiba, kwa kuwa mgeni mara nyingi hutaka aanze na bahari, kisha kesho yake awe kwenye lango la Machame, aanze kupanda mlima. Ratiba ya namna hiyo hatuiuzi, na ni haki ya mteja kuelezwa sababu.

Meli inayozamishwa makusudi ili iwe makazi ya samaki huandaliwa kwanza: mafuta hunyonywa, nyaya na vitu vyenye sumu huondolewa, milango hung'olewa, na matundu makubwa hukatwa ubavuni ili mwanga upenye na mzamiaji aone pa kutokea. Iliyo jirani nasi ni MV Dania, iliyozamishwa mwaka 2002 kaskazini mwa Mombasa, ambayo imekaa kwenye mchanga katika kina cha takriban mita 30. Kina hicho kinahitaji cheti cha uzamiaji cha ngazi ya pili, maana cheti cha awali huishia mita 18. Kwa mwenye cheti cha awali tunapendekeza Great Northern, meli ya Kiingereza ya kutandaza nyaya za telegrafu, iliyolala karibu na Unguja katika kina cha mita 12 hivi. Hiyo iligonga mwamba mwaka 1902 bila mtu kukusudia, lakini matumbawe na sifongo hayachagui. Hushika popote penye uso mgumu, samaki wadogo wakajificha humo, na chewa na mkunga wakawafuata. Kwa maoni yetu mgeni hufaidi zaidi hapo kuliko kwenye kina kirefu, kwa sababu rangi bado zinaonekana, na jedwali la kuzamia linalotumiwa sana, yaani orodha ya muda unaoruhusiwa kwa kila kina, ambalo kwenye mita 30 humruhusu dakika 20 tu, kwenye mita 12 humpa muda mrefu kuliko hewa ya mtungi wake.

Sasa tuje kwenye sababu yenyewe. Kwenye mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu ya maji, na kwenye mita 30 huwa mara nne, hivyo naitrojeni iliyomo katika hewa anayovuta mzamiaji huyeyuka kwa wingi katika damu na misuli. Akipanda taratibu sehemu kubwa hutoka kwa pumzi, ila inayobaki huhitaji saa nyingi. Akiwahi kufika mahali penye hewa nyepesi, mabaki hayo huweza kugeuka viputo mwilini na kuleta maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, hata kupooza. Mlimani hatari huongezeka, kwa kuwa uchovu na kizunguzungu ni dalili za ugonjwa wa mwinuko pia, na kiongozi anaweza kudhani ni huo.

Mwongozo unaofuatwa na wazamiaji hutaka kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Wageni hukumbuka ndege wakasahau basi. Mwongozo huo huhesabu mwinuko kuanzia mita 600, na Moshi ipo juu ya mita 800, Arusha karibu mita 1,400, ukingo wa Ngorongoro zaidi ya mita 2,200. Anayetoka majini Mombasa mchana hapaswi kupanda gari la jioni kuja Moshi kupitia Voi na Taveta.

Kwa hiyo tunapanga mlima kwanza. Baada ya kushuka tunampa mgeni siku ya kulala na kunywa maji ya kutosha, na aliyeugua sana mlimani humwona daktari kabla hajazamia. Anayelazimika kuanza na bahari tunamwekea siku mbili kamili za mapumziko, na siku hizo hulala pwani, si Moshi. Unapoomba ratiba, tafadhali tutumie ngazi ya cheti chako, tarehe uliyozamia mara ya mwisho na tarehe ya ndege yako ya kurudi.