Waendesha michezo wapya, anzeni na ramani nyepesi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaoanza kuendesha michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ile iliyopata umaarufu kupitia Dungeons & Dragons, iliyochapishwa Marekani mwaka 1974. Siku hizi wengi huicheza kwa intaneti, kila mtu akiwa kwake, na mwendesha mchezo huwawekea wenzake ramani kwenye skrini. Anayeanza hutafuta ramani iliyo nzuri kuliko zote. Namsihi aangalie kwanza miraba yake na uzito wake, kwa sababu hapo ndipo mchezo wa kwanza unapoharibikia.

Kwa desturi ya mchezo huo mraba mmoja ni futi 5, na programu za kuchezea mtandaoni hupima mraba kwa pikseli, yaani nukta zinazounda picha: Roll20 huanza na 70, Foundry na 100. Ukipata ramani ya miraba 30 kwa 20, gawanya upana wa picha kwa 30. Picha yenye upana wa pikseli 2100 inakupa 70 kamili. Yenye 2000 inakupa 66.67, na ukiandika 67 kila mraba unateleza kwa theluthi ya pikseli, hivyo ukifika mraba wa 30 mistari ya miraba inayochorwa na programu imeachana na kuta za picha kwa pikseli 10. Kete, yaani alama za wahusika kwenye ramani, zinaonekana zimepanda ukuta, na ubishi wa nani yuko jirani na nani unaanza. Dawa ni kubadili ukubwa wa picha uwe 2100 kwa 1400 kabla ya kuipakia. Kama picha ina pambizo, ikate kwanza, la sivyo hesabu nzima ni batili. Mchoraji akitoa nakala mbili, chukua ile isiyo na mistari, uiachie programu ichore yake.

Uzito una sura mbili, na wengi wanaijua moja tu. Ya kwanza ni ukubwa wa faili. Ukiendesha Foundry kwenye kompyuta yako mwenyewe, wachezaji wote wanavuta ramani kutoka kwako. Wachezaji watano na faili la MB 8 ni MB 40 zinazotoka kwenye laini yako, na laini inayotuma megabiti 2 kwa sekunde itazichukulia sekunde 160. Hizo ni karibu dakika tatu za watu kuangalia skrini nyeusi huku bando likiliwa. Ramani hiyo hiyo ukiihifadhi kwa aina ya faili la picha iitwayo WebP badala ya PNG mara nyingi hushuka hadi MB moja au mbili, na jicho halioni tofauti.

Sura ya pili ni kumbukumbu ya simu. Picha ikifunguliwa, kila pikseli hula baiti 4, hata kama faili lilibanwa vipi. Ramani ya 3000 kwa 2000 ni takribani MB 24, na ukiongeza upana na urefu mara mbili inakuwa 96. Ndiyo maana mchezaji mwenye simu ya zamani hutolewa nje wakati wenzake wa kompyuta wako salama. Usivuke pikseli 4096 upande wowote, kwani simu nyingi za zamani hukomea hapo. Jengo likiwa kubwa, ligawe ramani mbili, moja kwa kila ghorofa.

Kisha kuna kuficha sehemu za ramani ambazo wachezaji hawajazifikia. Ukungu, yaani kiza kinachofunika ramani, unaoufuta kwa mkono, chumba baada ya chumba, unamtosha anayeanza. Mwanga unaofuata macho ya mhusika unapendeza kweli, lakini unadai uchore kila ukuta, na pengo dogo kwenye kona linatosha kuonyesha chumba cha siri. Tena unazichosha simu. Nakala yenye namba za vyumba na alama za mitego ibaki kwako, wachezaji wapewe nyingine. Hata jina la faili ni la kuangaliwa: ukiliita “nyumba-ya-msaliti”, kuna atakayeliona. Saa moja kabla ya mchezo ingia kama mchezaji, kwa simu na si kwa kompyuta yako, ufungue kila ramani uone kinachoonekana.

Si kila tukio linahitaji ramani. Mazungumzo sokoni au safari ya siku tatu msituni yanakwenda vizuri zaidi kwa maneno, kwa kuwa picha ikiwekwa watu huanza kuhesabu miraba na kuacha kusikiliza. Iweke pale umbali unapoamua jambo: mapigano, kufukuzana, kunyemelea. Kwa mchezo wa kwanza ramani mbili zinatosha, na Owlbear Rodeo, inayofunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha kitu, inaziweza.

Anayetunga kisa cha leo kinachotokea Dar es Salaam asihangaike kuchora mitaa. Mradi wa Ramani Huria uliichora mitaa mingi ya jiji hilo, hadi mifereji, ndani ya OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Ni bure kutumia, mradi utaje kwamba ramani ni ya washiriki wa OpenStreetMap.

Mwisho, umeme. Piga picha ya kila ramani ya wachezaji uiweke kwenye simu yako. Ukikatika katikati ya mapigano, tuma picha kwenye kundi la WhatsApp, taja nafasi ya kila mtu kwa safu na mstari, kisha endelea na dadu za mkononi.

Msomaji wako,
Dar es Salaam