Wageni wenu wamefika Mida

Gede, 18 Novemba

Kwako shoga yangu Rehema,

Salaam aleikum. Sisi huku wazima sote. Mama anakusalimu sana, anauliza kama huko Maskati joto limeanza kupoa. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Ulisema, "Zena, hivi unapata nini kushinda matopeni na kamera?" Nilitaka kukujibu papo hapo kwenye simu, nikaona ni jambo la kukaa chini na kuandika.

Nianze na habari yenyewe: wageni wenu wamefika. Unawakumbuka wale ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene? Tulikuwa tukiwaona kwenye hori ya Mida tangu tukiwa watoto, maji yakipwa, tukienda na kina mama kutafuta kaa. Mimi nawaita wala kaa, maana hiyo ndiyo kazi yao. Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza wanatoka wapi. Kumbe wanatoka huko uliko! Hutaga kwenye fukwe na visiwa vya Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, kuanzia Aprili hivi, na wakimaliza kulea huteremka pwani yetu. Ulipopanda ndege wewe kwenda kazini, wao walikuwa wanajiandaa kuja huku.

Na hutaga vipi? Wanachimba shimo mchangani, refu, kama kaa mwenyewe. Mwisho wa shimo wanaweka yai moja tu, jeupe. Mchanga uliopigwa na jua unalitunza yai kwa joto lake, hata mzazi akitoka kwenda kuwinda halipoi. Kifaranga naye si kama watoto wa ndege wengi wa pwani, ambao wakianguliwa tu wanakimbia na kujitafutia. Huyu anabaki shimoni, analetewa chakula. Hata akishajua kuruka, akavuka bahari yote hii mpaka Mida, bado anamfuata mzazi wake nyuma akidai kulishwa.

Hilo nimeliona kwa macho yangu, na ndilo linalonirudisha kule kila bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku za bamvua maji hujaa saa kumi hivi alasiri. Mimi huingia saa nane, napita daraja la mbao katikati ya mikoko hadi kwenye banda la mwisho, nakaa kimya. Wakati huo maji bado yako mbali na ndege wametawanyika, hata kwa darubini ni vidoa tu. Yakianza kupanda, matope yanazidi kupungua, na wao wanasogezwa hatua kwa hatua kuja upande wako. Huna haja ya kumfuata ndege, bahari inakuletea. Jua nalo limeshahamia mgongoni mwako, linawapiga wao usoni.

Juzi mzazi mmoja alikamata kaa mkubwa kiasi. Alimtikisa, akampiga chini, gando likaruka upande, akampiga tena. Mtoto alikuwa nyuma yake, kichwa chake bado cha kijivu, ameinama amejikunyata kana kwamba anataka kuonekana mdogo kuliko alivyo, analia filimbi moja bila kupumzika. Na kwa kimo analingana na mamake! Nilishikilia kamera nisibonyeze. Mzazi akageuka, akamnyooshea. Hapo nikabonyeza, na katika picha zote za mfululizo ule iko moja ambayo midomo miwili inashika kaa mmoja, na tone la maji linaning'inia chini ya gando. Nimekuwekea humu ndani ya bahasha. Itazame taratibu.

Kuwapiga picha hawa kunahitaji akili. Ni weupe na weusi pamoja, ukiiacha kamera iamue yenyewe, weupe unaungua, manyoya yote yanapotea ukabaki na kipande cha karatasi. Nimejifunza kupunguza mwanga kidogo, niuokoe weupe kwanza, na spidi ya shata, kile kifuniko kinachofunguka na kufunga ndani ya kamera, nisiishushe chini ya 1/2000 ya sekunde wakiwa wanaruka. Nyumbani naikuza picha kwenye kompyuta, naona mwanga ndani ya jicho. Ni raha ambayo sijui niifananishe na nini. Labda kama kuusoma mwandiko wa mtu unayempenda.

Lakini nikuambie na lililoniuma. Mwaka wa kwanza nilikuwa na haraka. Nilishuka darajani nikatembea matopeni kuwafuata, ninataka sura kubwa. Walisimama wote mara moja, shingo juu, nikajiambia hatua mbili tu zaidi. Kundi zima likaruka. Mtoto mmoja alikuwa ndio kwanza amepewa kaa, akamwangusha. Walizunguka, wakaenda kutua ng'ambo, na maji yalikuwa yanajaa, muda wao wa kula umekwisha. Nilirudi nyumbani na picha za migongo. Tangu siku ile sishuki. Shingo zikinyooka, nimeshakaribia mno, narudi nyuma. Mwezi uliopita nilimkuta mgeni anawarushia fimbo ili wapae apate picha ya mabawa. Nilimweleza kwa upole kwamba ndege huyu ana saa chache tu za kula kati ya maji na maji. Alisikia, akaweka fimbo chini, tukakaa pamoja hadi jioni.

Jioni yenyewe ni neema nyingine. Keremkerem wekundu wanakuja kulala kwenye mikoko, kundi baada ya kundi. Na vitwitwi wadogo wanahamahama ukingoni mwa maji. Wako kati yao waliozaliwa Siberia, kaskazini kabisa kwenye barafu, na mmoja wao hafikii hata gramu 100.

Bundi pia nimempata, usishtuke. Yule mdogo wa Sokoke, ambaye wataalamu walimjua mwaka 1965 tu, ilhali msitu wenyewe uko hapa mlangoni petu. Kijana mmoja mwongozaji alinipeleka Arabuko-Sokoke, upande wa udongo mwekundu, kwenye vichaka vizito. Nusu saa anachungulia, halafu akanyoosha kidole. Walikuwa wawili, wamekaa wamegusana mabega, kila mmoja si mrefu kuliko kiganja changu pamoja na vidole, mmoja kijivu na mwingine rangi ya kutu. Bibi alitufundisha bundi akilia juu ya paa ni msiba, na mimi nilikua nikimwogopa. Lakini kuwatazama wale wawili wakifumba macho kwa usingizi wa mchana, uoga wote ulinitoka. Nilipiga picha tatu, bila flashi, tukaondoka kwa kunyata. Mama ameikataa ile picha isitundikwe sebuleni, nami nimeheshimu. Iko chumbani kwangu.

Sasa nina ombi. Najua siku yako ya mapumziko ni moja, na umechoka. Lakini wenzako wakipanga safari ya kusini, kuelekea Barr Al Hikman, jiunge nao. Majira haya ndege wa pwani hukusanyika huko kwa malaki, na wala kaa wengi hubaki hukohuko hawaji kwetu. Chukua hata simu yako, simama mbali, subiri maji yajae. Ukimwona mwenye kichwa cha kijivu anamlilia mamake, nipigie saa hiyohiyo nimsikie. Nataka kujua kama filimbi yao huko ni ileile.

Kaka yako amelipokea lile boksi, vitu vyote viko sawa. Mtoto wa Mwanaisha ameanza kutembea. Na ukinipigia siku za bamvua alasiri nisipopokea, usiwe na wasiwasi. Maji yanajaa.

Ndimi shoga yako,
Zena