Barua ya wazi kwa mwanangu aliyehamia Dar es Salaam: chagua saa kabla ya kuchagua ufuo

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba umefika salama na umepata chumba, na kwamba swali lako la kwanza kuhusu Dar es Salaam halikuwa la joto wala la foleni bali la mahali pa kuogelea. Ninakujibu hadharani kwa sababu kila mwaka vijana wa Mbeya, Iringa na Njombe hushuka pwani kwa masomo au kwa kazi, na wale waliojifunza kuogelea Ziwa Nyasa hufika baharini wakijiamini sana, ilhali maji wanayoyakuta hayana tabia ya yale waliyoyazoea.

Wewe ni mwogeleaji mzuri, na hilo silisemi kwa sababu ya ushangazi. Lakini Matema, kule Ziwa Nyasa, haikukufundisha jambo moja, nalo ni maji yanayoondoka. Ziwani maji uliyoyaacha asubuhi ndiyo utakayoyakuta jioni, na anachochunga mtu ni upepo wa kusini, mamba karibu na midomo ya mito kama Lufilyo, na kichocho penye maji yaliyotulia na majani. Baharini kichocho hakitakusumbua, kwa kuwa konokono wanaokieneza ni wa maji baridi, na chumvi, ambayo ni karibu gramu 35 katika kila lita, itakuinua kiasi kwamba utajiona umekuwa hodari zaidi kuliko ulivyo. Hapo ndipo ninapokuomba uwe mwangalifu, kwa maana wepesi huo hauwezi kushindana na mkondo.

Bahari ya Dar es Salaam hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, ndiyo maana kila siku nyakati husogea mbele. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa huweza kupita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana. Kwenye ufuo wenye mteremko mdogo, mita tatu za kwenda juu ni mamia ya mita za kwenda mbele, na maji yote yaliyofunika eneo hilo hulazimika kurudi baharini kwa kupitia mapengo yaliyomo katikati ya miamba. Mtu aliyesimama kwenye pengo la namna hiyo wakati maji yanapwa, hata kama yanamfika kifuani tu, anaweza kuvutwa nje bila kuona wimbi lolote la kutisha. Hatari nyingine huja kwa upande wa pili: watu hutembea juu ya mwamba mkavu kwenda mbali, wakaokota na kupiga picha, kisha maji yanayojaa yakaziba njia nyuma yao kabla hawajageuka kutazama.

Kwa hiyo usiniulize kwanza ufuo gani. Jiulize saa ngapi. Majedwali ya kujaa na kupwa kwa maji yanapatikana kwenye intaneti, lakini hata bila jedwali mwezi utakuongoza, kwa kuwa siku za bamvua maji ya Dar es Salaam hujaa kabisa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kukupwa kabisa karibu na saa nne. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na kujaa huangukia karibu na saa nne asubuhi. Saa ninayoipenda mimi ni ile ya mwisho kabla maji hayajajaa kabisa, pamoja na kile kipindi kifupi yanapotulia kabla ya kugeuka. Kuanzia hapo toka, hata kama bado una nguvu na marafiki zako wanakuita urudi.

Sasa twende kwenye mahali. Kwa mtu anayeanza ningechagua Mbudya au Bongoyo, visiwa vilivyomo katika hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, ambavyo hufikiwa kwa boti, Mbudya kutoka Kunduchi na Bongoyo kutoka Msasani. Ogelea upande unaotazama bara, kwa sababu kisiwa chenyewe hukinga mawimbi makubwa yanayotoka baharini. Nauli ya boti si kitu cha kulalamikia ukilinganisha na utulivu utakaoupata. Usijaribu kuvuka kwa kuogelea kutoka bara kwenda kisiwani, wala usikubali kushawishiwa na kundi lolote lisilo na boti ya kulisindikiza.

Fukwe za Kigamboni ni nzuri na mchanga wake ni mpana, lakini zipo ambazo hupokea mawimbi moja kwa moja kutoka bahari kuu, hasa wakati wa upepo wa kusi, yaani kuanzia mwezi Mei hadi Septemba hivi. Coco Beach nenda jioni ukale mihogo na kupunga upepo. Kwa kuogelea sikushauri, kwa sababu kuna miamba, mawimbi hubadilika haraka, na wingi wa watu ufukweni haumaanishi kwamba yupo mwokoaji. Karibu na mdomo wa Mto Msimbazi usiingie majini kabisa, na baada ya mvua kubwa za masika kaa mbali na ufuo wowote ulio karibu na mto au mfereji kwa siku kadhaa, maana uchafu wa mji mzima huteremkia huko.

Kabla ya kuingia mahali ambapo hujawahi kuogelea, watafute wavuvi wa hapo. Wasalimie kwa heshima, wape wazee shikamoo yao, kisha uliza mkondo unakwenda upande gani maji yakianza kupwa, na ni wapi watoto wao hawaruhusiwi kucheza. Swali hilo la pili ndilo lenye thamani kubwa zaidi. Sikiliza pia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, siku hiyo imekwisha.

Vaa yeboyebo unapoingia penye mawe, kwa ajili ya matumbawe na wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi wanaojificha kwenye nyufa. Jifunge kiunoni, kwa kamba ya kama mita moja na nusu, dumu tupu la lita tano la rangi ya njano lililofungwa kifuniko barabara, ili waendesha boti wakuone na wewe upate kitu cha kushika ukichoka. Ogelea sambamba na ufuo, mahali unapoweza kusimama. Mkondo ukikuchukua, usipigane nao kwa kurudi moja kwa moja ulikotoka, maana hapo ndipo waogeleaji wenye nguvu humaliza nguvu zao. Shikilia dumu, inua mkono kuomba msaada, na ukiweza ogelea kwa ubavu, sambamba na ufuo, mpaka utoke kwenye mvuto, ndipo ugeuke kurudi nchi kavu. Mikondo mingi ya namna hiyo ni myembamba kuliko inavyodhaniwa na mtu aliyemo ndani yake.

Wala usiogelee peke yako. Najua bado hujapata marafiki wengi huko, na najua unavyopenda kutangulia wenzako, lakini katika hili sina nafasi ya kukulegezea. Ukikosa mtu wa kuingia naye, tafuta hata wa kukaa mchangani akikutazama, mwenye simu iliyo na chaji.

Niandikie ukishachagua ufuo, na unieleze wavuvi wa hapo wamekwambia nini kuhusu maji yanapopwa.

Shangazi yako,
Tukuyu