Urea nyingi inatuharibia njegere na maharage

Mhariri, naomba nafasi niseme na wakulima wenzangu wa Tengeru, Usa River na kule Hai, hasa sisi wa njegere na maharage machanga.

Mbolea ya ruzuku ilipoanza 2022 nilifurahi na bado naiunga mkono, ila shida ni matumizi, mtu akiona njegere imepauka kidogo tu anakimbilia dukani anauziwa mbolea ya urea, haulizwi hata shamba lake likoje, akiweka majani yanajaa kijani kizuri anafurahi, ukija kuvuna maganda ya kuhesabu!

Jamani urea ni naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, asilimia 46, na hii mimea ya jamii ya kunde inajitengenezea naitrojeni yenyewe kwa msaada wa bakteria wanaokaa kwenye vifundo vya mizizi. Ukiimwagia urea nyingi inaacha kutengeneza vifundo. Mmea ukianza kutoa maua chimbua mmoja taratibu kwa jembe, usiung'oe maana vifundo vitabaki chini, suuza mizizi halafu pasua kifundo kwa kucha, ndani kukiwa na wekundu ujue kinafanya kazi, kukiwa kweupe au kijani hamna kitu. Maharage kweli ni mavivu kidogo kuliko kunde zingine, yanahitaji naitrojeni kiasi mwanzoni, lakini DAP ya kupandia inayo tayari asilimia 18.

Kirutubisho kinachokosekana sana huku ni fosforasi, udongo wetu wa volkano wa Meru na Kilimanjaro unaing'ang'ania, mmea hauipati kirahisi. Ndo maana sikubaliani na wanaosema samadi peke yake inatosha. Samadi weka, tena nyingi, inashika maji na kulainisha udongo, ila fosforasi yake ni ndogo, ongeza DAP kidogo kwa shimo maana ina fosforasi, fukia na udongo kidogo ndo uweke mbegu, zisigusane. Na samadi iwe imeoza kabisa, ukiingiza mkono isiwe na joto, ile mbichi hasa ya kuku inaunguza miche, ya ng'ombe inaleta magugu.

Ombi langu, watafiti wa kilimo wa serikali, TARI Selian, wako hapahapa Arusha na maharage ndo kazi yao, washirikiane na mabwana shamba watupimie udongo hukuhuku vijijini kabla ya msimu. Na wauza pembejeo waandike ukutani kwa Kiswahili mbolea ipi ya kupandia, ipi ya kukuzia, na kwa zao gani.

Mkulima wa njegere,
Usa River, Arusha