Mbwa mpole ndiye wa kuchukua

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie namna wakazi wengi wa Nairobi na viunga vyake wanavyotafuta mbwa wa kufuga. Mimi ni mlezi wa muda wa mbwa waliookolewa: hukaa nao nyumbani kwangu, nikawalisha, nikawapeleka kwa daktari wa mifugo na kuwazoesha maisha ya nyumbani hadi wapate familia ya kuwachukua moja kwa moja. Wanaowataka hunipigia simu, na swali la kwanza karibu kila mara huwa ni hili: "Ni mkali?" Nikijibu kwamba si mkali, kwamba anapenda watoto na humpokea mgeni kwa kutikisa mkia, mpigaji simu hunyamaza kidogo, hunishukuru kwa adabu, kisha husema atanipigia tena. Hapigi.

Naielewa hofu iliyo nyuma ya swali hilo. Wezi wapo, na bango la "Mbwa Kali" ni rahisi kuliko ukuta wa mawe. Hata hivyo, nadhani tumechanganya kazi mbili ambazo hazifanani. Kazi ya mbwa wa nyumbani ni kuhisi kabla yako kwamba kuna mtu langoni, na kubweka mpaka uamke. Kazi hiyo mbwa mpole huifanya vizuri kabisa, kwa sababu anawajua watu wake, amewazoea, na hatua za mtu asiyemjua saa nane za usiku humsumbua kama zinavyomsumbua mbwa mwingine yeyote. Kazi ya kuuma ni nyingine. Inahitaji mbwa aliyefunzwa pamoja na mtu anayejua kumwamuru aache, na ni familia chache mno zenye mbwa wa namna hiyo. Wengi tulio nao ni mbwa wanaoshinda kwenye mnyororo nyuma ya nyumba, wanaorushiwa ugali mara moja kwa siku, wasiosemeshwa na mtu, na wanaofunguliwa giza likishaingia. Mbwa aliyelelewa hivyo hamtofautishi mwizi na mtoto wa jirani aliyeingia kuchukua mpira wake, na anayeng'atwa kwanza aghalabu ni yaya, mleta maziwa au msomaji wa mita ya maji. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, nami ningependa kumsikia mtu akimweleza hakimu kwamba mnyororo wa mwaka mzima ulikuwa wa lazima.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na kwamba karibu wote huambukizwa na mbwa. Kati ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, asilimia 40 ni watoto wasiozidi miaka 15. Hapa Kenya makadirio yanayotajwa ni takriban vifo 2,000 kwa mwaka. Serikali iliweka mkakati wa kuanzia 2014 hadi 2030 wa kuukomesha ugonjwa huu miongoni mwa watu, na msingi wa mkakati huo ni kuwachanja mbwa, kwa kuwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, maambukizi hukatika. Sasa tutazame siku ya chanjo yenyewe, katika uwanja wa shule au mbele ya ofisi ya chifu. Mbwa mpole huja akiongozwa kwa kamba, pengine na mtoto wa darasa la sita, akakaa kwenye foleni akinusa wenzake, akadungwa sindano kabla hajajua ni nini kimemgusa, akarudi nyumbani na cheti chake. Mbwa aliyefugwa ili awe mkali hafiki uwanjani. Mwenyewe hawezi kumfunga kamba, mtoto haruhusiwi kumkaribia, na daktari hatapanda ukuta kumfuata. Kwa hiyo mbwa ambaye angeweza kuuma watu wengi zaidi ndiye anayebaki bila chanjo, na hilo hatulisemi tunapousifu ukali wake. (Aliyeng'atwa na mbwa yeyote, awe mpole au mkali, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Pilipili, mafuta ya taa na jiwe jeusi havisaidii.)

Watu huniuliza pia kwa nini mbwa aliyeokolewa apitie kwa mlezi badala ya kukaa makaoni hadi apate mtu. Makao ya wanyama yanafanya kazi kubwa, na siyabezi: chama cha kulinda na kutunza wanyama nchini Kenya, KSPCA, ambacho historia yake inaanzia mwaka wa 1910, kina makao yake Karen, Nairobi, huokoa wanyama walioumizwa au kutupwa, na huwatafutia nyumba. Lakini makao yoyote yenye mbwa wengi yana kelele kutwa, harufu za wageni na milango ya chuma inayogongwa, na humo mbwa mpole huweza kuonekana mwoga, na mwoga akaonekana mkali. Ukimwona kwenye wavu hapo kwa dakika chache, hujamjua. Katika nyumba ya mlezi hali ni tofauti, kwa maana huko tabia yake halisi hujitokeza taratibu, na mtu anayeishi naye huiona ikijitokeza.

Nitatoa mfano wa jike niliye naye sasa. Ana rangi ya hudhurungi, sikio moja limesimama na jingine limelala, na umri wake, kwa kadirio la daktari aliyemtazama meno, ni kama miaka miwili. Alifika akiwa na upele mgongoni na kupe masikioni, mambo ambayo dawa iliyamaliza. Kilichochukua muda ni hofu ya kuinama. Mbwa aliyekulia barabarani anajua kwamba mtu akiinama anaokota jiwe, na huyu nilipokuwa nikiinama kufunga kamba za viatu alikuwa akilala chini kifudifudi, macho yamemtoka, akisubiri pigo. Sikumbembeleza wala kumvuta. Nilikuwa nikiinama, nikiinuka, nikimwachia kipande cha mkate sakafuni na kuendelea na shughuli zangu, mpaka ikafika asubuhi ambayo nilihisi pua yenye ubaridi shingoni nikiwa bado nimeshika kamba ya kiatu. Leo siwezi kuvaa viatu kwa amani. Naweza pia kukuambia kwamba haogopi bodaboda ila ngurumo ya radi humpeleka chini ya kitanda. Kwamba anakula bila ugomvi karibu na mbwa mwingine lakini hakubali kuguswa akiwa na mfupa. Kwamba paka hawamshughulishi, na kwamba kuku akimwona hukimbizwa. Hili la kuku namwambia kila anayeuliza, maana mwenye kuku uani nikimficha, atamrudisha mbwa kwa hasira baada ya wiki moja, tena atakuwa na haki.

Linganisha habari hizo na zile anazopewa mnunuzi wa kitoto cha mbwa kando ya barabara kubwa. Huambiwa kwamba baba yake ni jamani shepadi safi, kwamba amechanjwa, na kwamba bei itapanda jioni. Mara nyingi kitoto chenyewe hakijafikisha wiki nane ambazo kilistahili kukaa na mama yake, hakina kadi ya daktari, na kimekaa ndani ya boksi moja na wenzake waliotoka kwa watu mbalimbali. Ugonjwa wa parvo hupenda mazingira kama hayo. Siku chache baadaye kitoto kinatapika, kinaharisha damu, na watoto wa nyumba hiyo wanajifunza kuchimba kaburi. Jambo ambalo mnunuzi haelezwi ni kwamba virusi vya parvo huweza kubaki kwenye udongo wa ua kwa miezi mingi, kwa hiyo kitoto cha pili kitakacholetwa kuwafariji watoto kinaweza kufa vilevile. Mbwa mzima aliyekamilisha chanjo zake, kama wale tulio nao sisi walezi, hana hatari kubwa ya namna hiyo. Ukubwa wake umeshajulikana, manyoya yake umeyaona, na amehasiwa, au kama ni jike amefungwa kizazi, kwa hiyo hutapata vitoto vinane visivyo na mwenyewe ambavyo baadaye hufungwa kwenye gunia na kuachwa sokoni. Wanaomwita "mbwa wa kienyeji" kwa dharau wangemtazama vizuri wangeona mnyama mwenye miguu imara na manyoya mafupi yasiyohitaji kinyozi, ambaye hali yetu ya hewa haimsumbui.

Nimesikia malalamiko kwamba sisi walezi tunauliza maswali mengi kama watu wanaoposa. Ni kweli tunauliza, na sioni sababu ya kuacha. Nitataka kujua kama nyumba ni yako au ni ya kupanga, na kama ni ya kupanga, mwenye nyumba amekubali kwa maandishi, kwa sababu mbwa wengi waliorudishwa kwangu hawakuwa na kosa lolote isipokuwa ilani ya kuhama. Nitauliza kama watu wote wa nyumba wanamtaka, kwani mama akiwa hamtaki na ndiye anayeshinda nyumbani, mbwa atajua siku ya kwanza. Nitauliza kuhusu majirani. Katika ploti yenye majirani Waislamu, mathalani, ni ustaarabu kuzungumza nao kabla mbwa hajafika, kwa kuwa mate yake kwao ni najisi na wengi hawataki awaguse wakiwa na udhu. Jirani aliyeelezwa mapema kwamba mbwa hataachwa azurure ngazini ni vigumu kuwa adui, na dini yenyewe ina hadithi inayofahamika ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Nitaomba pia kuja kuona ua na lango lako. Siji kukagua samani. Naangalia mwanya chini ya lango.

Kwa atakayemchukua, wiki za mwanzo ndizo ngumu, na hapa wengi hukosea kwa wema. Huwaita ndugu na marafiki wote waje kumwona mbwa mgeni, watoto humkumbatia kila dakika, kisha anapojificha nyuma ya kochi husema amewakataa. Mpeni pembe yake moja tulivu, mlisheni saa zilezile kila siku, na mmwache awakaribie mwenyewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu msimpe jembe kabla ya mwezi kwisha. Mtoeni nje kwa kamba hata kama ua una ukuta, maana mbwa ambaye bado hajui kwamba hapo ni kwao hukimbia akiogopa, na huelekea barabarani. Kuhusu chakula, ugali uliochanganywa na matumbo au omena zilizochemshwa bila chumvi nyingi humtosha mbwa mzima pamoja na maji safi, lakini mabaki ya mchuzi tuyaache, kwa sababu vitunguu humdhuru damu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa utumbo. Chokoleti na zabibu kavu ni sumu kwake. Dawa ya minyoo na ya kupe atahitaji mara kwa mara, chanjo ya kichaa cha mbwa irudiwe kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake, na gharama hizo zote zihesabiwe kabla ya kunipigia simu wala si baada ya kumfikisha nyumbani.

Mwisho, naomba wanaochukua mbwa kwetu walikumbuke sharti moja ambalo huwa nalisoma kwa sauti kabla mtu hajatia sahihi, kwa kuwa wengi hulipita haraka. Hali ikibadilika, kazi ikakuhamishia mji mwingine, mtoto akazaliwa na pumu, au mbwa na nyumba yako vikashindwa kupatana, mrudishe kwa mlezi uliyempokea kwake. Usimpe bawabu, usimpeleke shambani kwa mtu usiyemjua, na usimwachie mpangaji anayekuja. Sitakuuliza maswali ya aibu wala sitakudai faini. Nitakachokuomba ni kadi yake ya chanjo, bakuli lake, na habari za yale aliyoyazoea akiwa kwako, ili anayemfuata aelezwe ukweli.

Mlezi wa muda wa mbwa,
Kikuyu, Kaunti ya Kiambu